Dakika Tisa za Giza

Daktari wa macho hakumficha. Alimwambia kwamba kwenye mwanga ataendelea kuona kwa muda, labda hata miaka, ila kwenye giza ndiko atakakoanza kupoteza, na kilichopotea hakitarudi. Akamwandikia barua ya kupeleka kazini. Mhakiki wa filamu aliikunja ile barua mara nne, akaisokomeza ndani ya kamusi asiyoifungua tena, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Mkewe naye alikuwa ameanza kuchoka, maana mumewe siku hizi aligonga kila kigoda kwenye korido, na kila akigonga alimgombeza yeye kwa kuhamisha vitu. Vigoda vilikuwa pale pale tangu walipohamia.

Kwa miaka ishirini na miwili ukurasa wa filamu wa kila Ijumaa gazetini ulikuwa wake: filamu moja kubwa juu, tatu ndogo chini, na nyota kuanzia moja hadi tano. Kwa nyota alikuwa bahili kupita kiasi. Tano alizitoa mara mbili tu tangu aanze kazi, na mhariri wake, mwanamke aliyekuwa bado anavaa sare za shule ya msingi wakati ukurasa unaanza, alimbandika jina la Mzee wa Nyota, akidai anaziweka akiba ili azikwe nazo. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama, ukimwondolea macho unambakizia nini?

Basi akajitungia mtihani, kama wafanyavyo watu wasiotaka kuamini walichoambiwa. Wiki hiyo angeandika ukurasa mzima bila kumuuliza mtu chochote. Ukitoka bila kosa, daktari ndiye aliyekosea. Ukitoka na kosa, ataitoa barua kwenye kamusi na kuipeleka mwenyewe kwa mhariri.

Zile filamu tatu ndogo zilimtia moyo, na hapo ndipo zilipomponza. Ya kwanza ilikuwa kichekesho cha mashemeji wawili walionaswa kwenye lifti siku ya harusi, taa zinawaka kila mahali, akaona hadi kifungo kilichokosekana kwenye koti la bwana harusi. Ya pili ilikuwa katuni ya siafu wanaopigana na nyuki, rangi zimemwagika kila pembe, naye akaandika kwamba siafu wale wana akili kuliko watu waliowatungia maneno. Ya tatu ilikuwa ya mapenzi, mtu na mpenzi wake wakilizana kwenye theluji kwa saa mbili nzima. Aliisema vibaya, lakini moyoni aliipenda theluji ile kwa weupe wake. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, na mkewe akamuuliza amekula nini.

Filamu kubwa ya wiki ilionyeshwa kwa waandishi Jumatano asubuhi. Haikuwa kubwa kwa lolote ila kwamba yeye ndiye aliyeamua iwe juu. Ilikuwa ya uhalifu, haina kampuni nyuma yake, imepigwa kwa miaka minne ndani ya nyumba moja ya vyumba viwili, na waigizaji wake ni watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya kamera. Mlinzi wa ghala anauawa. Kijana anarudi nyumbani na shati lenye damu. Mama yake analiona. Basi, mengine yote ni mama na mwana wakizungukana mezani bila kuulizana kitu, na mhakiki, aliyekaa safu ya mbele kabisa akiwaambia wenzake kwamba ni kwa ajili ya magoti yake, alisahau mtihani aliojiwekea.

Kisha mama akazima taa ya jikoni, na kila kitu kikawa cheusi.

Mwanzoni alidhani mtambo umeharibika. Akasubiri mtu apige kelele, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Alisikia maji yakimiminwa, brashi ikisugua kitambaa, mtu akipumua kwa pua. Karatasi waliyogawiwa mlangoni ilisema kwamba onyesho la mwisho ni la dakika tisa na halikukatwa mahali popote, na hapo akaelewa, au alidhani ameelewa: mwongozaji amethubutu kuzima picha kabisa na kumwachia mtazamaji masikio tu. Mlango ukagongwa mara tatu. Nyayo zikapita, komeo likavutwa, filamu ikaisha. Mhakiki alikuwa analia kama mtoto. Taa zilipowashwa aliwaona na wenzake wakijifuta machozi, akaona basi, wote tumeona kitu kimoja.

Uhakiki aliuandika kwa saa moja, yeye ambaye kwa kawaida huhangaika na sentensi ya kwanza hadi chai inapoa. Aliandika kwamba dakika tisa za giza tupu, bila uso, bila mtu, zimemliza kama siku aliyomzika mama yake. Aliandika kwamba hatujui ni nani aliyefungua mlango, na kwamba ujasiri wa filamu ni kukataa kutuambia. Akaipa nyota tano. Mhariri aliusoma, akamtazama, akasema kumbe Mzee ana moyo. Hakuwa ameiona filamu, kwa hiyo hakubadilisha hata koma.

Jumatatu mchana akaja ofisini mama mmojawapo wa wale wanaobisha hodi hata mahali penye mlango wazi. Alikuwa mwalimu mstaafu, umri wake unakaribia sabini, na ukurasa wa Ijumaa ulikuwa kwenye mkoba wake, umekatwa vizuri kwa mkasi. Mhakiki aliujua uso wake mara moja, maana ndiye mama wa kwenye filamu. Akainuka kumpisha kiti, akijiandaa kupokea shukrani.

"Sikuja kugombana," alisema yule mama. "Nimekuja kuuliza. Uso wangu una kasoro gani?"

Mhakiki hakuelewa.

"Umeandika kwamba dakika zile hakuna mtu. Mimi nilikuwepo. Jiko la mkaa lilikuwa linanimulika. Umeandika hatujui nani aliyefungua mlango. Mimi ndiye niliyefungua. Nilifua lile shati, damu ikakataa kutoka, nikalivaa mimi mwenyewe, nikaenda kuwafungulia polisi. Filamu yote ni hiyo."

Kwenye meza ya pili vidole vya mhariri vilisimama juu ya kibodi. Mhakiki alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, akaukimbilia, maana mhakiki aliyelala hugombezwa tu, asiyeona hupelekwa nyumbani.

"Nilipitiwa na usingizi, Mwalimu. Nisamehe sana."

Mwalimu aliufungua ukurasa, akapitisha kidole kwenye mistari hadi alipopataka. "Hapa unasema umelia kama siku ya mazishi ya mama yako. Mtu aliyelala analia?"

Hakuwa na pa kwenda tena. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni macho, kwamba kwenye giza haoni, na kwamba amelijua hilo kwa majuma mawili akanyamaza. Mhariri hakutania. Alisema gazeti haliwezi kuacha kosa kama hilo, uhakiki utaandikwa upya Ijumaa hii, na angependa Mzee auandike mwenyewe, ikiwa anaweza. Hilo neno la mwisho alilisema akitazama meza.

"Miaka thelathini na minne nimefundisha," alisema Mwalimu. "Mtoto asipoona ubao, tunamsogeza mbele."

Akavuta kiti hadi dirishani kwenye mwanga, akaomba koti la mhakiki liwe shati, akavua viatu kwa sababu kwenye filamu alikuwa pekupeku. Boksi tupu la karatasi za printa akalifanya beseni. Mhakiki alimsogelea karibu kabisa, na mhariri akasimama kando yake. Mwalimu akaanza kufua.

Akamwona. Aliona midomo ikihesabu kitu bila sauti. Aliona jicho la kushoto likikataa kulitazama doa wakati la kulia linalitazama, na ile namna mama anavyonusa kola kutafuta jasho la mwanawe chini ya harufu ya damu. Tangu aanze kazi hakuwa ameona uigizaji wa aina hii, naye alikuwa ameuandika kwamba haupo. Alitamani kulia, akajizuia, kwa sababu machozi nayo yanaziba.

Mvua ilikuwa imejikusanya tangu saa saba. Wingu likatanda dirishani, na mara umeme ukakatika. Kwa wengine chumba kilififia tu. Kwake yeye uso wa Mwalimu ulianza kuondoka pembeni, kwanza masikio, kisha mashavu, kisha mdomo, hadi pakabaki weusi mahali alipokuwa. Angeweza kusema. Ilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini alijua akilisema ukurasa umekwisha, na alijiambia kwamba bado kidogo, akisimama nitamsikia, mlango nitausikia. Mvua ikaanza kupiga mabati kwa nguvu. Alikaza macho pale pale, akitabasamu kidogo kama mtu anayefuatilia.

Mhariri alimwinamia sikioni. "Umeona, Mzee?"

"Nyamaza kwanza," alinong'ona, uso wake umeelekea kwenye kiti. "Bado anafua."

Kisha sauti ya Mwalimu ikamjia kutoka nyuma yake, mlangoni.

"Nimeshafungua, mwanangu."