Bibi Harusi wa Zambarau Kwenye Mnada wa Mavuno

Mzee Sifaeli wa Akheri alikuwa ameapa kwamba uwanja wa kanisa hataukanyaga tena. Tangu wamzike mkewe, Anyesi, alikuwa na kesi na kila mwenye cheo: mwenyekiti wa kijiji kwa ile barabara iliyolishinda gari la wagonjwa, ofisi ya mifugo kwa mlango wake usiofunguka, na wazee wa kanisa kwa sababu tu walikuwa wazee wa kanisa. Aliyebaki naye nyumbani ni sungura mmoja mweupe pe, ambaye marehemu alimwita Bibi Harusi.

Basi Bibi Harusi akaanza kujikuna. Masikioni akaota magamba magumu, puani manyoya yakapukutika, ngozi ikawa inatoa unga kama wa mahindi. Wa kulaumiwa Sifaeli alimjua, ni serikali, ila dawa hakuijua. Akaikuta kabatini ile dawa ya zambarau ya vidonda, akampaka masikio. Sungura akatikisa kichwa, dawa ikaruka. Akamshika, akamponyoka, akamshika tena, na walipomalizana Bibi Harusi alikuwa zambarau kuanzia masikio hadi mkia, na mzee mwenyewe hadi viwikoni. Akamtia kwenye tenga, akafunika kitenge, akaliweka mlangoni akauke kwa jua, naye akaenda kunawa.

Sasa, ilikuwa Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kina mama wa kanisa hupita na mkokoteni wakikusanya sadaka za wazee wasioweza kutembea, ambao huziacha mlangoni. Lydia, kiongozi wao, alipoona tenga mlangoni kwa Sifaeli, machozi yalimlengalenga. Mzee amerudi kundini! Wakalipakia juu ya mahindi, wakaondoka wakiimba.

Sifaeli alitoka na taulo mkononi, akasikia wimbo ukiishia kwenye kona. Mlangoni, tenga hakuna. Alitimua mbio ambazo magoti yake yalikuwa yameshazisahau.

Alipofika kanisani, mnada wa sadaka ulikuwa umepamba moto. Mzee wa kanisa Ephraimu, kasimama juu ya kreti la soda, alikuwa amemkumbatia Bibi Harusi kwenye suti yake mpya, na watu hoi kwa kicheko. Fanuel, mwenye jiko la sungura choma, alishapandisha dau mara mbili, akiuliza kama na nyama ya ndani ni zambarau vilevile.

"Huyo ni wangu," Sifaeli alisema akihema.

"Alikuwa wako. Kilichofika mezani ni cha Bwana. Unamtaka, taja dau kama wenzako," Ephraimu alimjibu.

Mfukoni mwa Sifaeli hamkuwa na kitu. Akaanza kuwatukana viongozi wote, kuanzia wa mtaa kwenda juu. Alikuwa bado hajafika wilayani, akatoka binti mmoja kwenye kwaya. Ni Naserian, afisa mifugo mpya. Akayapuliza manyoya, akachungulia masikio, kisha akaitazama mikono ya Sifaeli.

"Shikamoo, babu. Mikono inakuwasha?"

"Marahaba. Tangu juzi. Nilidhani ni hasira."

Naserian akawaeleza watu kwamba ule ni ukurutu. Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinachimba ngozini, na dawa ya vidonda haivifikii. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo kabisa wasithubutu, ingemuua. Magamba wasiyabandue. Anachomwa sindano ya kipimo chake, inarudiwa baadaye, nyasi za bandani zinachomwa moto na banda linasuguliwa. Kisha akaongeza, kwa upole tu, kwamba anayemshika sana naye huweza kuwashwa.

Fanuel akakumbuka kuna mtu anamsubiri. Ephraimu akajikuna shingo.

"Nani anaongeza?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Taulo," alisema Sifaeli.

"Taulo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mchukue upesi!"

Sifaeli alimpokea Bibi Harusi, akamweka chini ya kidevu. Kisha akaitazama suti ya Ephraimu, ambayo kifua kizima kilikuwa zambarau, kikamtoka kicheko ambacho Akheri haikuwa imekisikia tangu mazishi.

Naserian alikuwa ameshatoa mkoba wake kwenye pikipiki. Nje jua lilikuwa linamchoma macho, akaomba mgonjwa apelekwe ndani ya kanisa, kwenye benchi la mbele.

Sifaeli akasita kizingitini.

"Si uliapa wewe?" Ephraimu alimchokoza, huku anajikuna.

"Niliapa uwanja," alisema Sifaeli. "Ndani sikusema." Akaingia na bibi harusi wake, waumini nyuma yao wakipiga vigelegele.