Duara la Penseli

Noelene alichora nukta. Duara hakulichora yeye.

Alisimama mbele ya mashine ya kutotoleshea, mikono yote miwili imeng'ang'ania fremu ya kutembelea aliyorudi nayo kutoka hospitalini asubuhi hiyo, akayachungulia mayai yake kupitia kioo. Yalikuwa sita, madogo, meupe, yamelala ndani ya boksi, juu ya udongo mwepesi wenye unyevu. Siku yalipotagwa aliweka nukta ya penseli juu ya kila yai, na nukta hizo zilipaswa kumtazama machoni mpaka siku ya kuanguliwa. Sasa mayai matano yalikuwa na duara mahali pa nukta, tena duara safi, la mkono usiotetemeka; la sita lilikuwa limefichika nyuma ya mengine.

"Umeona kazi ya kaka yako?" Clarrie alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, uso umemchangamka. "Joto halikushuka hata kidogo. Na kugeuza, asubuhi na jioni, sikukosa. Ulisahau kuweka alama ya upande wa pili, nikakuwekea. Na huyo Opal wako, loo! Kumbe mpole hivi? Anajikunja ndani ya mfuko wa shati langu tunaangalia kriketi. Minyoo yako nimeipenda bure, Nolly."

Minyoo: ndivyo Clarrie alivyowaita nyoka wa dada yake. Noelene aliyapitia tena maduara yale, moja baada ya jingine.

Yai la chatu si yai la kuku. Kuku huyapindua mayai yake kutwa kucha, na mwenye mashine humwiga: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, ajue lipi limegeuzwa na lipi bado. Chatu huyazungushia yake mwili akatulia tuli. Kijusi hujishikiza upande wa juu, na ukiligeuza yai, kinazama humo humo ndani. Nukta ya mfugaji wa chatu ina maana moja tu: hapa ndipo juu, paache. Clarrie alikuwa amefuga kuku tangu alipoanza kuvaa suruali ndefu. Alipoiona penseli, aliisoma kwa macho ya kuku.

Na laiti yangekuwa mayai hivi hivi tu! Opal alikuwa chatu wa vichuguu, wale wadogo kuliko chatu wote, mzima mzima anaenea kikombeni. Ukoo wake aliuanzisha Vern, mume wa Noelene, kwenye rafu alizozipigilia misumari mwenyewe, na baada ya Vern kufa waliobaki walikufa mmoja mmoja, akabaki huyu bibi kizee. Daktari wa mifugo alikwisha sema hatataga tena. Mtoto Noelene hakujaliwa. Alichobakiwa nacho kutoka kwa Vern kilikuwa ndani ya mashine ile.

Siku ya mazishi ya Vern, Clarrie alikuwa amesimama katikati ya watu na chupa ya bia mkononi. "Haya, sasa Nolly ataolewa na mmoja wa minyoo yake," alisema, na watu wakacheka, wengine mpaka machozi. Miaka mitatu ndugu hao hawakusemezana. Kisha nyonga ya Noelene ikavunjika, majirani wakaapa kwamba nyumba ya nyoka hawaingii, na Clarrie, bila kuombwa, akaendesha gari kutwa nzima kuikata nyika ya Pilbara, akatokea mlangoni pa wodi amevua kofia. Noelene alimkabidhi funguo za nyumba kwa sababu hakuwa na jinsi.

Alichukua tochi ndogo, akafungua kioo, akamulika yai la kwanza. Njano tupu, bila mshipa wa damu. La pili lilikuwa limebonyea. La tatu hakulimulika, maana ukungu ulikwisha kulianza.

"Umeyaua," alisema.

"Nini?"

"Mayai. Umeyaua yote, Clarrie. Yai la nyoka haligeuzwi! Hata mtoto anayefuga nyoka anajua. Hawa si kuku!"

Chai ilimmwagikia Clarrie mkononi, na wala hakuifuta. "Lakini nilikuuliza," alisema taratibu. "Nilikupigia simu hospitali, Nolly. Nikakwambia, hii alama ya penseli, ndiyo ya kugeuzia? Ukasema nini?"

Noelene alikumbuka vizuri alichosema. Alikuwa kitandani, nyonga inamuunguza, na sauti ya kaka yake ikamjia kwenye simu ikimwomba amfundishe, yeye mjuzi wa kila kitu. Ilikuwa tamu kumkatia simu. Fanya unavyojua, alimwambia. Si wewe ndiye mjuaji?

"Ulitaka kunikomoa," alisema sasa, ingawa aliyajua maneno hayo kuwa ya uongo hata kabla hayajamtoka.

Clarrie alionekana mzee ghafla. Akaweka kikombe mezani, akabeba begi lake, akachukua kofia yake msumarini.

"Jirani yako mwenye kuku atakuachia mayai ya kula getini," alisema. "Nimemwomba." Alipofika mlangoni akasita, bila kugeuka. "Na lile la pembeni lilinishinda. Limegandia ukuta wa boksi. Nilitaka kulibandua kwa kisu nikaogopa litapasuka, kwa hiyo sikuligeuza hata mara moja. Nilipanga nikuombe radhi kwa hilo."

Mlango wa wavu ukagonga.

Ilimchukua Noelene muda kuelewa. Kisha akaingiza mkono ndani ya mashine, akasogeza mayai mengine, akaliona: yai dogo limejibana kwenye kona, na juu yake nukta, ya kwake, pale pale alipoiweka. Akasogeza tochi. Mishipa ilikuwa imetanda kila upande, myembamba, myekundu, na katikati kitu cheusi kikajisogeza kuukwepa mwanga.

Nje, pikapu ilinguruma.

"Clarrie!"

Aligeuza fremu, ikamnasa kwenye zulia. Akaipandisha, akapiga hatua, nyonga ikamchoma kama kisu. Korido ya nyumba ile haikuwahi kuwa ndefu namna hiyo.

"Clarrie, subiri! Moja lipo hai! Kaka!"

Alipoufikia mlango wa wavu, geti lilikuwa wazi, na vumbi jekundu la barabarani lilikuwa limekwisha anza kutulia.