Kibendera cha Kombania ya Pili

Fundi cherehani alikuwa amemaliza kukipinda kibendera cha kambini pale baba yake, askari mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, na binti yake huyu pia kwa utani, alipokiinua kwenye mwanga wa dirisha akaguna.

"Mbona umekikata kama leso? Mwisho wake hugawanyika, kama mkia wa mbayuwayu."

"Nimefuata kile cha zamani alichoniletea sajenti, Baba."

"Kile kimechakaa mpaka mkia umeliwa! Mimi nimekibeba miaka kumi na mmoja, mwanangu."

Fundi akashusha pumzi, akachukua mkasi. "Haya. Kwani kina kazi gani, zaidi ya kupamba gwaride?"

"Kupamba?" Mzee alivuta kiti. "Kilipo, ndipo alipo kamanda. Vumbi likitanda na amri hazisikiki, kila askari anatafuta rangi ya kombania yake. Yetu kijani. Kikienda, mnaenda, kikisimama, mnasimama. Siku moja mazoezini tumbo likanivuruga. Nikachomoka mbio kichakani, nikasahau kumwachia mwenzangu kibendera. Kugeuka hivi, watu mia wananijia, bunduki mkononi!"

Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Na kamanda?"

"Kabaki uwanjani peke yake, kakauka kama gogo. Kwa adhabu nilikimbizwa kuzunguka kambi wiki nzima. Lakini hakuninyang'anya. Alisema, 'Angalau nimejua wanakifuata.'"

Miaka yote fundi aliamini jeshi lilimwachia baba yake goti bovu tu. Kumbe kulikuwa na hili, na hakuwahi kuuliza. Akaupinda ule mkia upya, taratibu, mzee akimwelekeza kila kona kama vile yeye ndiye fundi.

Sajenti alipofika, alikitazama kibendera, kisha akamtazama mzee.

"Shikamoo, afande. Huu mkia nani kaujua? Kambini hakuna anayeukumbuka."

"Marahaba. Anayekibeba sasa anakishikaje?"

"Ovyo, mzee. Kijana mgeni. Njoo Ijumaa umfundishe."

Koplo alikohoa, akajitia hana hakika kama atapata nafasi. Ila Ijumaa asubuhi, kabla fundi hajafungua duka, mzee alikuwa amesimama mlangoni na suruali yake ya gwaride mkononi.

"Mwanangu, hebu ipige pasi. Mstari uwe mmoja tu, usiniaibishe."

"Lete, Koplo," alisema binti yake, na kwa mara ya kwanza alilitamka jina hilo bila utani.