Picha ya Nyuzi Arobaini na Sita

Shuleni walimwita Mlingoti kwa urefu wake, na jina likamganda hadi nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na sita. Wenzake wote walishaanza hedhi, yeye, kimya. Mama yake, fundi cherehani mwenye maneno kama cherehani yenyewe, akiulizwa jambo hilo alikata uzi kwa meno na kugeuza mazungumzo.

Asubuhi ile walikaa wote wawili katika chumba kidogo cha kliniki, mbele ya nesi mcheshi ambaye kazi yake ilikuwa kuwaelimisha wagonjwa vijana. Mezani palikuwa na karatasi, penseli na bahasha.

"Mama, nianze mimi au wewe?" nesi akamuuliza mama.

"Anza wewe, mwanangu. Mimi mwaka wa kumi na mbili huu nimeshindwa."

Mlingoti akageuka kama aliyechomwa. Miaka kumi na miwili! Basi mama alijua tangu siku alipopasuliwa ngiri, akiwa mtoto wa miaka minne.

"Ulijua, mama?"

"Madaktari waliokupasua waligundua, wakaniambia nisikwambie. Nikafyata ulimi."

Nesi akachukua penseli. Akachora kitu kidogo kama punje ya dengu.

"Huyu ni mtoto wa wiki sita tumboni. Wa kike au wa kiume?"

Mlingoti alikodoa macho. "Sijui."

"Hata daktari akimtazama kwa hadubini hajui. Njia zote mbili zimo ndani yake. Wewe ulipita hapa, mama alipita hapa, na bawabu wetu mwenye masharubu kama ufagio naye alipita hapa."

Mama akacheka bila kutaka. Mlingoti hakucheka, nywele zilimsisimka.

Nesi akatoa picha kwenye bahasha: nyuzi fupi fupi, zimepangwa mbili mbili. "Hizi arobaini na sita ni kromosomu zako, zilizopigwa picha kutoka kwenye damu yako. Zimebeba maagizo ya mwili. Jozi hii ya mwisho ni kama ya wanaume wengi. Tumboni una korodani, na homoni zake zinabisha hodi mwili mzima, lakini hakuna mlango unaofunguka. Mwili ukashika njia yake, ukawa wa kike. Kizazi huna. Hedhi haitakuja, na mimba hutabeba."

Machozi yalimtoka Mlingoti, nesi akamwacha alie.

"Kwa hiyo mimi ni nani?"

"Hilo halimo kwenye bahasha. Wewe unajionaje?"

"Msichana. Tangu zamani."

"Basi nani akubishie?"

"Mtanipasua?"

"Hakuna atakayekugusa kabla hujaelewa na hujakubali. Tutapima, tutazungumza. Na Jumatano atakuja dada mmoja, fundi umeme, ana hali kama yako. Anapenda sana maswali."

Mlingoti akainua picha kwenye mwanga wa dirisha. Vijiuzi visivyoonekana kwa macho, vimekaa ndani yake miaka yote hiyo, kwenye kila kidole, kila unywele, vikifanya kazi bila kelele. Alishusha pumzi taratibu, kama mtu aliyeingia nyumba kubwa na kuambiwa ni yake.

Nje, kwenye benchi la korido, mama alisema, "Nisamehe."

"Bado nina hasira na wewe, mama."

"Nastahili."

Mlingoti akamsogelea, bega kwa bega.

"Jumatano tuje wote," akasema. "Na wewe uulize maswali yako."