Wimbo wa Kufungia Ibada

Mama Zumari, kiongozi wa kwaya, alikuwa akihubiri kwa mara ya kwanza, akiiga sauti nzito ya mchungaji kama kuku aliyemeza chura. Juu yake boriti ya paa ikalia. Sikio lake, lililozoea kunasa sauti moja iliyopotoka katika kwaya nzima, likajua: inapasuka. Akakatiza mahubiri.

"Endelea, mama, usiogope," mchungaji akanong'ona.

Mama Zumari akawaza: akipiga kelele, waumini watakanyagana mlangoni. "Bwana, uliniita na koo hili hili," akaomba, akaanzisha wimbo wa kufungia ibada. Kwa mazoea waumini wakainuka, wakatoka kwa mistari wakiimba.

"Umemaliza? Hata usingizi haujanikolea!" shemeji yake akamtania uani.

Mchungaji akatoka wa mwisho, amenuna. Nyuma yake paa likaporomoka, likaifunika mimbari.