Bastola Ndani ya Kasha la Cherehani

Verna Kessler aliikuta bastola asubuhi, katika chumba cha hoteli ya barabarani pale Shelby, Montana, alipokuwa akitafuta uzi wa kushonea kifungo cha shati la mumewe. Ilikuwa chini ya cherehani yake, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni. Aliijua. Ilikuwa mali ya marehemu baba mkwe, na Dwight alikwisha kumwambia kwa kinywa chake kwamba ameiacha Texas, kwa kaka yake.

"Hii inafanya nini humu?"

Dwight alikuwa akinyoa ndevu. Hakugeuka. "Inasafiri."

"Kanada hawaruhusu bastola, Dwight. Karatasi tulizisoma wote wawili. Bunduki za kuwindia unajaza fomu, unapita. Bastola, la."

"Ndiyo maana iko humo. Nani atapekua cherehani ya bibi kizee?"

"Duka la bunduki lipo hapo ng'ambo ya barabara. Wataituma kwa duka la kule Palmer, Alaska, utaichukua ukifika."

"Bastola ya baba yangu haitumwi kama soksi."

Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na Verna alijua shingo ya mumewe ikishaiva vile hakuna neno linaloingia. Alishona kifungo, akakata uzi kwa meno, wakaondoka.

Njiani hakuwaza sana juu ya sheria. Tela ilijaa vitu vyao vyote, kwa kuwa walikuwa wanahamia Alaska, kwa njia ya Kanada, kwa binti yao Joleen, moja kwa moja. Mlikuwa na sanduku la spana za Dwight, sanduku la nguo zake, hata ndoo yake ya kuvulia samaki. Katika vyote hivyo, mwanamume alikuwa amechagua kasha la mkewe.

Mpakani, afisa wa kike aliinama dirishani. Dwight akampa fomu ya bunduki mbili, mdomo umemjaa tabasamu.

"Bastola?"

"Hakuna."

Afisa akamwangalia Verna. "Na wewe, mama? Una la kuniambia?"

Dwight aliweka mkono juu ya goti la mkewe. Hakuubana, aliuweka tu. Verna aliutazama ule mkono.

"Ipo," alisema. "Kwenye kasha la cherehani yangu, ndani ya tela, upande wa kulia. Sikuiweka mimi."

Saa nne zilipita kwenye viti vya plastiki. Waliitwa mmoja mmoja, wakaulizwa yale yale. Mwisho afisa mkubwa, mzee mpole mwenye mafua, akawapa uamuzi: bastola imechukuliwa, haitarudi. Bwana Kessler amesema uongo mpakani, basi haingii Kanada. Atarudi alikotoka na bunduki zake mbili. Mama anaweza kuendelea na safari akitaka. Funguo za gari akazitia mkononi mwa Verna.

Nje upepo ulikuwa mkali. Dwight alisimama kando ya pikapu, kofia kaishika.

"Umeniuza," alisema.

"Wewe ndiye uliyeanza. Uliniuza uliponifungashia."

Dwight akavaa kofia yake. "Haya, geuza turudi."

"Joleen anatungoja. Nyumba nzima iko humu. Mimi naendelea."

"Maili elfu mbili na zaidi, peke yako? Hata kurudisha tela nyuma huwezi!"

"Basi nitakwenda mbele tu."

Akamteremshia begi lake na lile sanduku gumu la bunduki. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akielekea kusini akakubali kumbeba. Verna hakungoja lori liondoke.

Aliendesha siku nane. Kokoto lilimpasulia kioo cha mbele. Karibu na mto Liard nyati walilala katikati ya barabara, akazima injini na kuwangoja hadi walipochoka wenyewe. Siku mbili za kwanza alilia, si kwa kishindo, machozi yalijitokea tu na yeye anaendesha. Siku ya tatu alitambua kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyemwambia apunguze mwendo.

Alipofika Palmer, Joleen alimkimbilia uani. Baba alikuwapo tangu wiki iliyopita, alisema. Alikuja kwa ndege, bila kukanyaga Kanada.

"Na bunduki?"

"Nazo. Mama, ungemwona! Anasema mhudumu wa kaunta uwanja wa ndege hajamaliza hata kumwamkia, yeye kashaanza: nina bunduki mbili, hazina risasi, sanduku lina kufuli mbili, risasi ziko kwenye paketi yake kwenye begi, nina kisu kidogo, na meno yangu ni ya bandia. Foleni nzima ikaangua kicheko."

"Kakuambia mwenyewe?"

"Mwenyewe. Wala hakucheka."

Dwight alitoka akasimama kibarazani. Alikuwa amepungua, au labda ni fulana ya mume wa Joleen iliyomzidi. Alimwacha Joleen aingie jikoni kwanza.

"Nilipoificha kwenye kasha lako sikukufikiria wewe," alisema. "Niliifikiria bastola tu."

Verna alilisikia, akaliacha lilipo. Mchuzi wa paa ulikuwa mezani. Walipokwisha kukaa, Dwight aliuliza njia ilikuwaje, na Verna akaanza kusimulia tangu siku ya kwanza, taratibu. Mchuzi ulipoa. Dwight hakumkatiza hata mara moja.