Lita Kumi na Moja za Loma Tendida

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, saa moja asubuhi, Zenobia Llacsa alikuwa amepiga magoti mbele ya nyumba ya Bi Fortunata, akimalizia kuchora bomba la maji ukutani. Rangi ilikuwa ya buluu, imechanganywa na chokaa ili itoshe nyumba nyingi, na brashi ilikuwa imebakiwa na manyoya machache. Bomba ndiyo alama ya chama cha Mhandisi Baldomero Carranza, aliyekuwa akigombea urais mwaka ule. Wengine walikuwa na kofia, wengine kalamu, kuna waliokuwa na kiazi, na siku ya kura mtu hutia msalaba juu ya mchoro wake akaenda zake.

Zenobia alikuwa mratibu wa chama kilimani Loma Tendida, huko juu pembezoni mwa jiji la Lima ambako nyumba zinang'ang'ania mchanga. Vyama vingine viligawa mifuko ya tambi ili vipewe ukuta wa kuchora. Yeye hakugawa kitu, na bado watu walimgombania.

"Lichore kubwa, jirani," Bi Fortunata alisema kutoka mlangoni. "Lionekane hadi chini barabarani. Na mpini wake ufunguke. Usinichoree bomba lililofungwa, nuksi hiyo."

"Bomba la chama halina kufunguka wala kufungwa, mama."

"La kwangu lifungue."

Zenobia akaugeuza mpini kwa mikwaruzo miwili ya brashi. Alipoinuka kunyoosha mgongo, tone la maji lilikuwa limekwisha kutoka mdomoni mwa bomba, likafuatwa na jingine, kisha ukawa uzi mwembamba. Bi Fortunata akaingia ndani kutafuta beseni.

"Ndiyo maana nikakwambia ulifungue," alisema, akakinga.

Kufikia adhuhuri mabomba yote ya kilimani yalikuwa yanatoka maji. Majirani waliosikia habari za mpini walidai na wao wageuziwe, lakini yao yalikuwa yanatiririka hivyo hivyo, kwa hiyo Zenobia akaokoa rangi.

Kabla ya hapo, maji ya Loma Tendida yaliletwa na lori la Bwana Práxedes, Jumanne na Ijumaa, na lori halikuweza kupanda. Liliishia chini ya ngazi. Ngazi zilikuwa na vidato mia mbili na kumi na vinne, na Bi Fortunata, mwenye miaka sabini na mmoja na nyonga mbovu, alivipanda na madumu mawili akipumzika mara tisa. Sasa maji yalikuwa mlangoni pake. Yalinukia chokaa kidogo, lakini ukiyachemsha na majani hayana neno. Bwana afya alipanda na chupa, akayapima, akaandika kwamba ni maji. Práxedes alinuna wiki nzima, halafu naye akachora bomba ubavuni mwa lori lake. Halikutoa hata jasho, maana moyoni alikuwa mtu wa Kofia na hakuna asiyejua.

Hivyo ndivyo watu walivyouelewa utaratibu wake. Bomba lilitoa maji pale ambapo mwenye ukuta alimtaka Mhandisi kwa moyo wake wote, na kadiri alivyomtaka ndivyo yalivyotoka. Kwenye nyumba ya fundi cherehani, ambako mke alikuwa wa Bomba na mume wa Kalamu, maji yalitoka mume akiwa kazini tu.

Habari zikafika makao makuu ya chama. Wakubwa wa huko walikuwa wamechoshwa na kura za maoni, kwa sababu watu wetu wana adabu: ukimwuliza mtu atampigia nani, atakutajia yule anayedhani unataka kumsikia. Maji yalionekana kuwa na unyofu zaidi. Wakamtuma Bwana Evaristo Montalvo, mkuu wa takwimu, azunguke vilima vyote na jagi la lita moja na saa ya mkononi, ajue Mhandisi ana nafasi gani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zenobia alizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili nzima. Kuta zikaoshwa, rangi ikarudiwa, wakachinjwa simbilisi watatu, vile vinyama vidogo kama sungura vinavyofugwa majikoni, wakakaangwa na vitunguu saumu. Kwa watu wa Loma Tendida mgeni huonyeshwa kilicho bora, hata kama kesho yake mtalala njaa; kumwonyesha kidogo ni kumtukana. Hakuna aliyewaza kwamba kunaweza kuwa na mgeni ambaye ingefaa kumwonyesha kidogo.

"Jamani, tusiaibike," Zenobia aliwaambia asubuhi ile. "Kila mtu akae mbele ya ukuta wake amfikirie Mhandisi kwa dhati. Atakayemfikiria mwingine nitamjua."

"Na mimi je, nikifikiria simbilisi?" fundi cherehani aliuliza. Mkewe alikuwa amemkalisha hapo kwa nguvu.

"Mfikirie Mhandisi anamla simbilisi."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, wakafikiria. Maji yalikuja kwa kishindo. Mabeseni yalijaa, ndoo zikajaa, sufuria za jiko la jumuiya zikajaa, mengine yakashuka ngazi hadi barabarani, na Bwana Evaristo ikambidi avue viatu. Alipima nyumba baada ya nyumba. Ukuta wa Bi Fortunata ulitoa lita kumi na tisa kwa dakika. Wastani wa kilima kizima ulikuwa lita kumi na moja.

"Sijaona mahali kama hapa," Evaristo alisema, akijipangusa mafuta ya simbilisi kidevuni. "Una hakika niandike kumi na moja, Dada Zenobia? Leo mmejitutumua. Siku za kawaida labda ni pungufu."

"Andika kumi na moja," Zenobia alisema. "Na siku nyingine yanazidi."

Hadi siku hiyo hayakuwahi kuzidi. Akatia sahihi, akabonyeza na kidole gumba kwenye wino ili karatasi iwe na uzito. Tangu amzae binti yake hakuwa amejisikia vile.

Mhandisi alifaulu duru ya kwanza, akiwa wa pili kwa kura chache. Kabla ya duru ya pili alipanda mwenyewe Loma Tendida, vidato vyote mia mbili na kumi na vinne, akanywa maji ya Bi Fortunata mbele ya watu na kusema kwamba akiingia ikulu bomba la chuma litapanda kilimani ndani ya siku mia moja. Bi Fortunata alilia. Jioni ile ukuta wake ulitoa maji hadi jirani yake akalalamika kuloweshewa kuni.

Wiki iliyofuata Zenobia aliitwa makao makuu mjini. Evaristo alimpokea vizuri, akamwagizia kahawa. Ukutani kulikuwa na ramani ya vilima, na juu ya kila kilima namba yake. Loma Tendida waliandikwa kumi na moja. Tres Piedras, kilima jirani, ng'ambo ya bonde, waliandikwa nusu.

"Nusu lita tu?" Zenobia aliuliza. Alijikaza asitabasamu.

"Siku ya mawingu ni matone. Wana mashaka nasi. Ndiyo maana bomba linakwenda kwao."

Zenobia akaweka kikombe chini. "Bomba gani?"

"Hilo la chuma. Tangi la serikali linatosha bomba moja, kilima kimoja. Jana tumewaandikia hati mbele ya mwanasheria, na mihuri yote. Bila karatasi wale hawatupigii kura."

"Mhandisi alituahidi sisi. Kwa mdomo wake."

"Na mkamwamini," Evaristo alisema. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamsogezea sukari. "Kura zenu zimo mfukoni, dada yangu. Lita kumi na moja! Mtu hamtongozi mke aliye ndani. Mngenipimia lita mbili siku ile, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Nakuomba tu, haya yabaki humu ndani hadi kura zipite."

Zenobia aliinywa kahawa yote, kwa kuwa ilikuwa imelipiwa. Ndani ya basi alipiga hesabu ile mara nyingi. Lita mbili. Angewaacha watu wafanye kazi zao siku ile, wafue, wagombane, wafikirie chakula, zingetoka lita tatu au nne. Na pale alipoulizwa kama ana hakika, angeweza kusema hapana. Neno moja tu, nalo halikumtoka, kwa kutaka sifa! Alijichukia mpaka akapitiliza kituo chake.

Alipofika kwake alikuta bomba lake limekauka. Rangi ilikuwa pale pale, mdomo wa bomba mkavu, na hata harufu ya chokaa haikuwepo. Tangu siku hiyo aliamka kabla ya majirani na kuurushia ukuta maji kwa kata, maji aliyoyanunua kwa Práxedes na kuyapandisha mwenyewe, ili mratibu wa chama asionekane na ukuta mkavu.

Kura zikapigwa Jumapili. Loma Tendida karibu wote walitia msalaba kwenye bomba, na Tres Piedras nao, ambao hati yao ilikuwa kabatini, wakatia vilevile. Mhandisi akashinda kwa tofauti ndogo sana ya kura, ndogo kiasi kwamba bila kilima kimojawapo angeanguka. Watu walicheza hadi vumbi likapanda. Zenobia naye alicheza. Mtu mmoja akamuuliza kama anaumwa.

"Ukuta wako umechoka, mwanangu," Bi Fortunata alimwambia kesho yake. Alikuwa amemfumania asubuhi na kata mkononi, lakini hakulizungumzia hilo. "Kazi za chama zimekumaliza. Leta ndoo."

"Hapana, mama, ninayo."

"Leta ndoo. Yangu yananishinda."

Zenobia akaleta. Maji ya Bi Fortunata yalikuwa baridi na mazuri kuliko yote ya kilimani, na Zenobia aliyabeba hadi kwake bila kuinua macho.

Mwezi wa Julai, bendera za taifa zikiwa juu ya mapaa yote na Mhandisi ameshaapishwa, malori yalipita barabarani yamebeba mabomba ya chuma. Yalipita chini ya ngazi za Loma Tendida bila kusimama, yakakata kona kuelekea Tres Piedras. Watoto waliyapungia mikono, na watu wazima pia.

"Wameanzia kule," Bi Fortunata alisema. "Kule ni karibu na tangi. Watamalizia kwetu."

"Si aliahidi?" mke wa fundi cherehani akadakia. "Alikunywa maji yako kabisa."

Wiki ile kuta zilitoa lita kumi na nne. Zenobia alizipima mwenyewe, kwa mazoea, na zikamuuma kuliko matusi. Hakulala vizuri, chakula hakikupanda. Mwishowe akaamua kusema. Wamtukane, wamvue uratibu, wakitaka wamfukuze kilimani. Lakini wajue, ili wateremke wote na mabango wakadai chao.

Alichagua Jumapili, baada ya kazi ya jumuiya, watu wakiwa wamekusanyika kwenye ua wa jiko la jumuiya na bakuli za supu ya miguu ya kuku. Ua ulikuwa umezungukwa na kuta tano, mabomba matano, na chini ya kila moja ndoo iliyokuwa inajaa. Zenobia akapanda juu ya benchi.

"Majirani," alisema, "nina jambo. Ni zito, na kosa ni langu."

Wakaacha vijiko.

"Siku ile ya kupimwa tulikosea. Mimi nilikosea. Mhandisi hana nia ya..."

Sauti ya maji ikapungua. Kila mtu aliisikia. Kwenye kuta zote tano uzi wa maji ulikonda, ukakatika, yakabaki matone, na matone nayo yakaanza kupishana kwa muda mrefu. Hakuna aliyemtazama Zenobia tena. Walikuwa wanatazama kuta. Mama mmoja alisogeza ndoo yake kushoto, kisha kulia, kana kwamba ndoo ndiyo iliyokaa vibaya. Bi Fortunata aliinuka taratibu, mkono kwenye nyonga, akaweka kiganja chini ya bomba lililokuwa karibu naye, akangoja. Hakikutoka kitu. Akageuka akatazama ngazi zilivyoshuka, kidato kwa kidato, hadi chini pale lori linapoishia.

"Endelea, Zenobia," alisema. "Hana nia ya nini?"

Práxedes, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya supu, aliweka bakuli chini.

"Hana nia ya kutusahau," Zenobia alisema. "Anawasalimu sana. Kosa langu ni kuchelewa kuwaambia. Anasema tusichoke, zamu yetu inakuja."

Tone moja likaanguka kwenye kiganja cha Bi Fortunata. Kisha jingine.

"Lini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mwakani," Zenobia alisema. "Mwakani mapema."

Maji yakarudi kwenye kuta zote tano, kwanza uzi, kisha mkondo mnene wa kujaza ndoo kwa dakika chache. Watu walipiga makofi. Mke wa fundi cherehani alipaza sauti, "Aishi Mhandisi!" na wengi wakamwitikia. Supu ikagawiwa upya kwa wale ambao yao ilikuwa imepoa.

Baadaye wanawake walipanga foleni kwenye ukuta uliotoa zaidi. Zenobia alisimama wa mwisho na ndoo yake tupu, na kila aliyejaza yake, alipompita, alimshika bega na kumshukuru kwa salamu.